KURA YA KUKODI: FUNZO KUTOKA MTANDAO WA STEEM

Askari yeyote anajua maana ya tepe. Tepe tatu za sajini ni ushahidi kwamba mwenye kuzivaa amepimwa na wakubwa wake, ameonekana anafaa, na amekabidhiwa dhamana ya kuwaongoza wenzake. Lau mafundi cherehani wangeruhusiwa kumshonea tepe mtu yeyote mwenye fedha, tepe zisingebadilika rangi wala umbo, lakini saluti ingekuwa imekufa. Hapana ambaye angeweza tena kumtenga aliyestahili na aliyenunua. Jambo la namna hiyo hiyo liliufika mtandao mmoja wa kijamii ulioanzishwa Marekani, nao mkasa wake una mafunzo kwa walinzi wa nchi na walinzi wa sheria.

Mtandao huo ni Steem, na mlango wake mkuu uliitwa Steemit. Ulianzishwa mwezi Machi 2016 na Ned Scott pamoja na Daniel Larimer. Hoja ya waanzilishi ilikuwa nzuri masikioni. Walisema kwamba makampuni makubwa ya mitandao hutajirika kwa jasho la watu wanaoandika na kupiga picha bila kulipwa hata senti. Steem ingewalipa watu hao. Hakungekuwa na mhariri wala mkurugenzi wa kuamua makala ipi ni bora; wasomaji wenyewe wangepiga kura, na kura hizo zingegawa fedha. Kumbukumbu zote zingeandikwa katika daftari la pamoja linalohifadhiwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, ambalo wataalamu huliita blokicheni, ili asiwepo mtu mmoja wa kulifuta au kulighushi.

Yafaa ifahamike jinsi fedha hizo zilivyopatikana. Mtandao ulikuwa na sarafu yake ya kidijitali, nayo ikaitwa Steem. Kila baada ya sekunde 3 ukurasa mpya uliongezwa katika daftari, na sarafu mpya zikazaliwa. Sehemu kubwa ya sarafu hizo iliingia katika hazina ya tuzo. Makala ilipotimiza siku 7, ilipewa fungu lake kutoka katika hazina hiyo kwa kadiri ya kura ilizopata. Hazina ilikuwa na kiasi maalumu, hivyo makala moja ilipochota zaidi, nyingine zote zilipungukiwa. Chungu kilikuwa kimoja, na kila kijiko kilichoingia kilipunguza riziki ya wengine.

Tena kura hazikuwa sawa. Mwenye kufungia sarafu nyingi ndani ya mtandao alikuwa na kura nzito. Mwenye sarafu chache kura yake ilikuwa nyepesi mno. Wenye mali nyingi waliitwa nyangumi, na wanyonge wakaitwa kwa majina ya samaki wadogo, kama sisi tusemavyo dagaa. Mwenye kutaka kuzitoa sarafu alizozifungia alilazimika, tangu Desemba 2016, kuzipokea kidogo kidogo kwa wiki 13. Iliaminiwa kwamba mtu ambaye mali yake imefungwa ndani ya nyumba hatathubutu kuitia moto nyumba hiyo. Nyangumi angesoma kwa makini, angechagua kazi njema, na thamani ya mtandao ingepanda kwa faida ya wote.

Mambo hayakwenda hivyo, na sababu zake zinaeleweka. Kusoma ni kazi. Mwaka 2017 kanuni zilibadilishwa mara mbili. Kwanza, mwezi Machi, mwenye sarafu aliruhusiwa kumwazima mwingine nguvu ya kura yake huku mali ikibaki yake. Pili, mwezi Juni, uzito wa kura ulifanywa ulingane moja kwa moja na idadi ya sarafu zilizofungiwa. Mabadiliko ya pili yalikusudiwa kuwasaidia wadogo, kwa kuwa hapo awali hesabu iliwapendelea wakubwa kupita kiasi. Lakini matokeo yake mengine ni kwamba nguvu ya kura sasa iliweza kupimwa na kupangiwa bei kama sukari kwa kilo. Kitu kinachopimika na kuazimika hakikosi dalali.

Madalali walikuja katika sura ya programu za kompyuta zinazojiendesha zenyewe, yaani roboti za kura. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kura moja kamili ilitumia asilimia 2 ya nguvu ya mpiga kura, na nguvu hiyo ilirejea kwa asilimia 20 kila siku. Kwa hiyo roboti iliweza kupiga kura 10 kamili kwa siku, yaani moja kila baada ya saa 2 na dakika 24. Katika kila zamu ulifanyika mnada. Mwandishi alituma dau lake pamoja na anwani ya makala yake. Zamu ilipofika mwisho, roboti iligawa kura yake kwa wote waliotuma, kila mmoja kwa kadiri ya dau lake. Roboti haikusoma neno hata moja. Makala juu ya kilimo cha kitaalamu na makala yenye picha moja ya paka zilipata heshima sawa, mradi madau yawe sawa.

Chukua mfano wa kueleza hesabu yenyewe. Tuseme kura moja ya roboti iliweza kuchota tuzo ya dola 100, na wateja wa zamu hiyo wameweka jumla ya dola 80. Aliyeweka dola 8 alipata sehemu ya kumi ya kura, yaani tuzo ya dola 10. Lakini kwa kanuni za wakati huo robo ya tuzo ilikwenda kwa wapiga kura, na hapa mpiga kura mkuu alikuwa roboti. Mwandishi alibakiwa na dola 7 na senti 50. Alitoa 8, akapata pungufu yake, na kwa kawaida nusu ya malipo hayo ilikuwa imefungwa ndani ya mtandao. Kama mtu mwingine aliongeza dau kubwa katika dakika za mwisho za mnada, fungu la kila mmoja lilipungua zaidi. Mwenye roboti hakuwa na hofu hiyo. Madau yote yalikuwa yake, akayagawana na matajiri waliomwazima nguvu za kura. Matajiri hao walilala usingizi na kuamka wakiwa wamepata, bila kuandika wala kusoma. Katika lugha ya siasa zetu za zamani watu wa namna hiyo waliitwa kupe.

Watetezi wa biashara hiyo walikuwa na hoja zao, na haki ni kuzisikiliza. Walisema kura ya kununua ni tangazo tu, na kwamba hata duka jema huweka kibao mlangoni. Walisema tena kwamba mgeni katika mtandao, asiyejulikana na mtu, hana njia nyingine ya kuonekana mbele ya nyangumi. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Lakini tangazo la gazetini hujulikana kuwa ni tangazo, na mwenye kulitoa hulipa kwa fedha zake mwenyewe. Kura ya roboti ilivaa nguo za sifa ya kweli, na tuzo yake ilitoka katika chungu cha wote. Ukurasa wa mbele, uliotakiwa kuonyesha kazi zilizopendwa kuliko nyingine, ukajaa kazi zilizolipiwa kuliko nyingine. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika Steem kibaya kilipata gari la kutembezewa, na chema kikaachwa kwa miguu.

Sarafu ya Steem ilipanda bei hadi kupita dola 7 mwezi Januari 2018, kisha ikaporomoka pamoja na sarafu nyingine za aina yake. Mwezi Novemba mwaka huo kampuni ya Steemit ilitangaza kuwapunguza wafanyakazi wake kwa zaidi ya theluthi mbili. Tarehe 27 Agosti 2019 kanuni zilirekebishwa. Tangu hapo tuzo iligawanywa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na wapiga kura, na kila mwanachama akapewa kiasi cha kura za kupinga zisizomgharimu kitu, ili makala zilizopandishwa kwa fedha ziweze kushushwa. Baadhi ya roboti mashuhuri zikafunga biashara au kubadili kazi. Ilionekana kana kwamba ugonjwa umepata dawa.

Lakini mazoea ya kuiona kura kuwa ni mali ya kukodisha yalikuwa yameota mizizi, na hatari kubwa zaidi haikuwa katika makala. Mtandao uliongozwa na wasimamizi wakuu 20 walioitwa mashahidi. Hao ndio walioandika kurasa za daftari na kukubali au kukataa sheria mpya. Nao pia walichaguliwa kwa kura zenye uzito wa sarafu, na kila akaunti iliweza kuwachagua mashahidi hadi 30. Maana yake ni kwamba aliyepata rundo kubwa la kutosha la sarafu aliweza kuweka safu nzima ya viongozi peke yake.

Mwezi Februari 2020 ilitangazwa kwamba Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao wa Tron, ameinunua kampuni ya Steemit. Kampuni hiyo ilimiliki takribani moja ya tano ya sarafu zote, nazo zilikuwa zimeelezwa tangu zamani kuwa ni akiba ya kuendeleza mtandao. Mashahidi walihofu kwamba sarafu hizo zitatumika kutawala, na mwezi huo huo wakazizuia zisipige kura. Hatua hiyo yenyewe ilikuwa nzito, kwa kuwa iligusa mali ya mtu kabla hajatenda kosa. Jibu lilikuja tarehe 2 Machi 2020. Masoko makubwa ya sarafu za kidijitali, yaani Binance, Huobi na Poloniex, yalizifungia sarafu za Steem ambazo wateja walikuwa wameziweka humo kama amana, na uzito wake ukatumika kupiga kura. Katika muda wa siku moja mashahidi wote 20 waliangushwa na wengine kuwekwa mahali pao.

Askari atalifahamu jambo hili kwa wepesi. Mtunza bohari amepokea bunduki za watu ili azihifadhi. Anapozitoa usiku na kumpa mtu wa tatu ateke kituo, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba bunduki zilikuwa mikononi mwake. Baada ya malalamiko Binance na Huobi ziliondoa kura zake, na mkuu wa Binance alieleza kwamba walidhani wanaidhinisha mabadiliko ya kawaida ya mitambo. Hata hivyo sarafu zilizokwisha kufungiwa hazikuweza kutolewa zote mara moja, kwa kuwa kanuni ya wakati huo ilitaka zitoke kidogo kidogo kwa wiki 13.

Tarehe 20 Machi 2020 wapinzani walijitenga, wakanakili daftari na kuanzisha mtandao mwingine, Hive, ambamo sarafu za kampuni hazikuhesabiwa. Upande uliobaki haukutulia. Mwezi Mei mwaka huo sheria mpya ilipitishwa katika Steem, na zaidi ya sarafu milioni 23 za akaunti 64 zikachukuliwa kutoka kwa wenyewe. Daftari lililosifiwa kwamba hapana awezaye kuligusa liliguswa, kwa sababu walinzi wake walichaguliwa kwa kura inayonunulika.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya ughaibuni tu. Mwezi Septemba 2021 shirika la Mozilla lilichapisha uchunguzi wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu nchi jirani ya Kenya. Walieleza jinsi watu walivyolipwa kati ya dola 10 na 15 ili washiriki katika kampeni za Twitter, wakirudia maneno waliyopewa mpaka yaonekane kuwa ni sauti ya umma. Baadhi ya kampeni hizo ziliwashambulia majaji na wanaharakati wakati wa mvutano juu ya mpango wa kubadili katiba. Hapo hapakuwa na blokicheni, wala sarafu ya kidijitali haikuhitajika. Bidhaa ilikuwa ile ile, yaani idadi ya watu isiyo ya watu.

Mafunzo kwa majeshi na polisi ni matatu. La kwanza ni la upelelezi. Polisi hapeleki mahakamani shahidi aliyelipwa, hata wakija mia wenye maneno yale yale. Na wingi wa kura au sifa katika simu usihesabiwe kuwa ushahidi mpaka ijulikane nani amepiga, lini, na kwa faida ya nani. Kura mia zilizoingia katika dakika moja zinasema zaidi juu ya mnunuzi kuliko juu ya habari yenyewe. La pili ni la mshahara. Askari anayeambiwa kwamba atatajirika kwa kununua kura leo ili avune kesho, na aifanye kwanza hesabu ya dola 8 na dola 7 na senti 50, kisha aulize nani anakula tofauti. La tatu ni la dhamana. Chombo chochote, kiwe mtandao, chama cha ushirika au taifa, hakilindwi na ufundi wa mitambo peke yake. Hulindwa na watu wanaokataa kukodisha kile walichokabidhiwa.

Wanachama wa Steem walipoanza kuuza kura juu ya picha na mashairi, wengi walisema ni jambo dogo. Miaka mitatu baadaye kura ya aina ile ile iliamua nani ashike ufunguo wa nyumba yao. Mlinzi anayepokea shilingi chache ili afumbe jicho langoni hajui ni nani atakayekuja kulinunua jicho lile lile usiku mwingine, wala kwa shabaha gani.