Mtu Mmoja, Wenyewe Wawili

Bila shaka mmekwisha waona wanafunzi wenzetu wameketi mezani jioni, wana karatasi, kalamu na dadu, wakibishana juu ya mtu asiyekuwapo duniani. Huo ni mchezo wa kuigiza wa mezani. Ulianza kujulikana mwaka 1974, Dungeons & Dragons ulipotolewa Marekani. Kila mchezaji humtunga mtu wake, akaandika nguvu zake na mali yake. Mmoja huwa msimulizi, na jambo lenye mashaka huamuliwa na dadu.

Je, mwenye mtu asipokuwapo, nani amwendeshe? Hapa Buhehe rafiki yangu alimtunga mwendesha bodaboda wa Busia, wa siku zile za baiskeli, jina hilo lilipozaliwa mpakani kwetu. Rafiki yangu akaugua homa, akaniachia mtu wake. Nami nikamvusha Mto Sio usiku na gunia la kahawa. Dadu ikanikataa, baiskeli ikazama. Mwenyewe aliporudi hakunisalimu siku tatu. Mtasema ilikuwa baiskeli ya karatasi tu. Kweli, lakini aliihangaikia majuma sita.

Kosa letu halikuwa kushirikiana, bali kutopatana kwanza. Iko michezo iliyolifikiri jambo hili vizuri. Katika Ars Magica, wa mwaka 1987, kila mchezaji ana mchawi wake, lakini walinzi ni wa wote: leo mlinzi huendeshwa na huyu, kesho na yule. Katika Wraith, wa mwaka 1994, mwenzako huusemea upande mwovu wa roho yako, akikushawishi. Kwa kawaida kutenda ni juu yako, na kwa nyakati maalumu tu yeye hukutawala. Katika Everyone Is John wachezaji wote ni sauti ndani ya kichwa cha mtu mmoja, nao hushindania kumtawala kwa kutoa alama zao, mfano wa mnada. Njia ni mbalimbali, lakini kila mmoja ajua mapema nani mwenye neno la mwisho.

Basi na sisi tuliandika kanuni tatu. Kwanza, aliyeachiwa mtu asimtie katika hatari ya kufa. Pili, asiuze wala asihatarishe mali yake. Tatu, asivunje ahadi aliyoitoa mwenyewe. Jambo kubwa likizuka, msimulizi hulisimamisha mpaka mwenyewe arudi. Tena yote yaliyotendeka huandikwa, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Juma lililopita rafiki yangu alisafiri, akaniachia tena mtu wake. Sasa anakwenda kwa miguu, akiweka akiba ya baiskeli nyingine. Sikugusa hata senti moja.

Nanyi mliotutangulia shuleni, mkija kututembelea, karibuni mezani. Ila ulizeni kwanza mtu ni wa nani.