HAIDROJENI KATIKA GARI: JE, GHARAMA YAKE YALIPA?

Viko vifaa vinavyouzwa kwa ahadi ya kupunguza matumizi ya petroli kwa kuiongezea injini haidrojeni itokanayo na maji. Makala haya yanafafanua iwapo yafaa kuvinunua.

Kifaa chenyewe ni chombo cha maji yaliyotiwa kemikali. Umeme wa gari hupitishwa humo, maji yakagawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo huvutwa na injini. Hayo ni kweli. Suala ni umeme huo watoka wapi.

Watoka kwenye altaneta, nayo huzungushwa na injini iyo hiyo inayotumia petroli. Tuchukue nishati ya petroli kuwa sehemu 100. Kwa makisio, injini hugeuza sehemu 25 kuwa nguvu ya kuzungusha. Zilizobaki hupotea kwa joto. Altaneta hutoa umeme wa sehemu 15 hivi, na kifaa hutoa haidrojeni isiyozidi sehemu 10. Haidrojeni hiyo ikiungua, injini hurejesha sehemu 2 na nusu. Basi zimetumika 25 kupata 2 na nusu.

Wauzaji hudai kuwa haidrojeni huwezesha petroli kuungua vizuri zaidi. Lakini injini nzima za kisasa huunguza karibu petroli yote. Kilichobaki cha kuokoa ni kidogo mno. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Marekani ilimshitaki muuzaji aliyeahidi nafuu ya asilimia 50 kwa kifaa cha namna hiyo.

Ahadi hizo huvutia zaidi penye safari ndefu na mafuta ghali. Mfano ni Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako petroli husafirishwa kutoka bandari za mbali, na bei kikomo ya EWURA huwa juu kuliko ya Dar es Salaam. Mwenye gari la Tarime hadi Mugumu, takriban kilomita 87, ndiye mwenye haja kubwa ya nafuu, na ndiye atakayepata hasara mara mbili: ya kifaa na ya mafuta.

Aidha, haidrojeni hulipuka kwa wepesi, na kemikali hiyo huunguza ngozi.

Hivyo basi, wenye magari wanashauriwa kujaza upepo wa kutosha, kusafisha chujio la hewa, na kupunguza mwendo na mizigo isiyo ya lazima. Atakayeletewa kifaa adai kipimo: tangi lijazwe, gari lipite njia ileile kwa mzigo uleule, na lita ziandikwe daftarini, kabla na baada ya kukifunga. Kwa magari ya Serikali tahadhari hiyo ni wajibu, kwani mali ya umma ni amana.