Herufi za Mlazo zenye Serifu Bapa: Muundo na Matumizi ya PMN Caecilia

Serifu bapa, yaani vijiti vinene vinavyofunga ncha za herufi, zilizuka London mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya mabango ya matangazo. Lengo lilikuwa kuonekana kwa mbali, si kusomwa kwa saa nyingi. Hata zilipohuishwa baadaye kwa maumbo ya kijiometri, kama Memphis (1929) na Rockwell (1934), mlazo wake ulibaki kuwa herufi wima zilizoinamishwa tu.

PMN Caecilia iliachana na desturi hiyo. Mholanzi Peter Matthias Noordzij alianza kuisanifu mwaka 1983 akiwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha The Hague, na kampuni ya Linotype ikaitoa mwaka 1990. Baba yake, Gerrit Noordzij, alifundisha katika chuo hichohicho kwamba umbo la herufi hutokana na mwendo wa kalamu. Fikra hiyo inadhihirika katika mlazo wa Caecilia: herufi ni nyembamba kuliko zile za wima, zinafuata mwendo wa mkono, na a ina tumbo moja lisilo na kofia juu yake. Serifu bapa zimebaki, lakini hazikuachwa zikate mwendo huo.

Unene wa mistari yake haubadilikibadiliki sana. Sifa hiyo ndiyo iliyoifaa Kindle ya kwanza ya mwaka 2007, ambayo kioo chake kilikuwa na nukta 167 tu kwa inchi na viwango vinne vya kijivu. Katika kioo cha namna hiyo mistari myembamba hupotea. Ya Caecilia ilidumu. Iliendelea kuwa herufi ya msingi katika vifaa hivyo hadi Bookerly ilipoichukulia nafasi hiyo mwaka 2015.

Kwa tasnifu za Kiswahili, suala hili si la urembo. Mtafiti wa mofolojia hulaza mofimu anayoichambua, mara nyingi silabi moja ndani ya neno refu, na mtahini hutakiwa kuiona bila kubahatisha. Tuchukue neno *wanapatana*: kati ya herufi zake kumi, tano ni a. Iwapo mofimu *-na-* ya njeo italazwa kwa kuinamishwa tu, a yake itabaki na umbo lilelile la jirani zake, na tofauti itategemea mwinamo wa nyuzi chache, ambao nakala hafifu ya fotokopi huweza kuufuta. Mlazo wa kweli hubadilisha umbo lenyewe la a, na kwa kuwa irabu hiyo imetapakaa mno katika Kiswahili, alama ya utambuzi hupatikana karibu katika kila neno.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama. A yenye tumbo moja huikaribia o, na Kiswahili kina jozi nyingi zinazotegemea irabu hizo mbili pekee: *hapa* na *hapo*, *papa* na *popo*. Katika Caecilia, mkia ulio chini kuliani mwa a hupunguza mkanganyiko huo katika matini ya kawaida. Katika tanbihi zilizopigwa kwa herufi ndogo sana mkia huo hufifia, na hapo ni salama zaidi kuitenga mofimu kwa vistari kuliko kuutegemea mlazo peke yake.