Jina "Vidonda vya Tumbo" na Chanzo cha Maradhi

Mkazi wa Kaole, kijiji cha pwani kilicho jirani na Bagamoyo, asemapo kuwa tumbo lamuuma, neno lake laweza kuelekea mahali popote kati ya chembe cha moyo na kinena. Basi tuitapo maradhi "vidonda vya tumbo", twataja jeraha tu. Mahali pake hasa, yaani mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo mwembamba, hatupataji, wala hatutaji chanzo chake.

Pengo hilo la chanzo limejazwa na dhana. Wengi husema ni mawazo, au pilipili, au kushinda na njaa. Dhana hizi si za Waswahili peke yao: madaktari wa Ulaya na Marekani nao walilaumu wasiwasi na wingi wa asidi kwa miaka mingi. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha bakteria waliowaona katika mifuko ya chakula ya wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe, akapatwa na uvimbe wa ndani ya mfuko huo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo, Helicobacter pylori, ana umbo la kujisokota kama parafujo. Hugeuza yurea kuwa amonia, ambayo hupunguza ukali wa asidi inayomzunguka. Kisha hujipenyeza katika ute unaoukinga ukuta wa mfuko. Kinga hiyo ikidhoofika, asidi huula ukuta. Hata hivyo wengi humbeba bila kuugua, na vidonda vingine huletwa na dawa za maumivu kama aspirini.

Jambo hili si la waganga peke yao. Mgonjwa aaminiye kuwa mawazo ndiyo chanzo hujilaumu na kunyamaza, ilhali antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi zaweza kumponya.

Hatusemi jina lifutwe. "Malaria" asili yake ni Kitaliano, maana yake "hewa mbaya". Nalo lingali likitumika, ingawa Ronald Ross aliona vimelea vyake ndani ya mbu mwaka 1897. Kilichobadilika ni maelezo yanayoandamana na jina. Hivyo ndivyo itupasavyo kufanya katika kamusi zetu: chini ya "vidonda vya tumbo", mahali patajwe, na bakteria atajwe.