JE, WAJUA? Kamshafti kuukuu hujulikana kwa kipimo

Je, wajua kwamba kamshafti mbili zinazofanana machoni zinaweza kuipa injini nguvu tofauti kabisa?

Nundu za kamshafti ndizo zinazofungua valvu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wa California walioongeza kasi ya magari ya zamani, yaani hotirodi, walizisaka kamshafti zilizosagwa upya kwa ajili ya Ford V8 iliyotoka mwaka 1932. Mafundi kama Ed Iskenderian walibadili umbo la nundu ili valvu zifunguke zaidi na kwa muda mrefu.

Ukitaka kuitambua kamshafti kuukuu, anza na alama. Kagua ncha za shafti, kwani wasagaji wengi waligonga namba hapo. Kamshafti maarufu ya Chevrolet Corvette iitwayo Duntov hujulikana kwa tarakimu 097, za mwisho katika namba yake ya kipuri.

Pima kimo. Geji ya mshale iguse mgongo wa nundu, yaani upande usioinuka, iweke sifuri, kisha zungusha shafti polepole. Kipimo cha juu kabisa ndicho kimo cha nundu. Kwa Chevrolet V8 ndogo ya 1955, zidisha kwa 1.5, uwiano wa roka zake (mikono inayosukuma valvu), upate mwinuko wa valvu. Ford ile haina roka, hivyo huzidishi.

Pima muda. Kwa sahani ya digrii 360, hesabu digrii tangu tapeti, kipande kinachosukumwa na nundu, ipande inchi 0.050 (milimita 1.27) hadi irudi hapo. Ukizihesabu kwenye kamshafti yenyewe, zidisha kwa 2 upate digrii za krankshafti, kwa sababu krankshafti huzunguka mara mbili kila kamshafti inapozunguka mara moja.

Alama iliyofutika isikufanye uitupe kamshafti: ipime kwanza.