Mlingoti au Kamba? Tanga la Ubao na Kishada cha Baharini

Upepo unaovuma juu ya mashamba ya Kichiwa, katika nyanda zilizoko baina ya Njombe na Makambako, hauzaliwi hapo. Kwa miezi mingi ya mwaka, hasa katika kipindi cha baridi na kiangazi, ni tawi la upepo uleule ambao watu wa pwani huuita kusi: hewa itokayo Bahari ya Hindi upande wa kusini-mashariki, ikapanda nyanda za juu na kuzivuka. Mwanafunzi wa Kichiwa aonaye mikaratusi ikiinama upande mmoja mchana kutwa anaitazama kani ileile iwaburutayo watu juu ya maji katika kijiji cha Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kwa hiyo swali ambalo huonekana kuwa la mchezo wa wageni wa Paje laweza kufundishwa Kichiwa bila ya kuiona bahari.

Swali lenyewe ni hili. Kwa muda wa miaka 30 hivi, mtu aliyetaka kuteleza baharini kwa nguvu ya upepo alisimama juu ya ubao uliofungwa mlingoti na tanga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wengi wa watu hao waliuacha mlingoti, wakajifunga kamba kiunoni na kuvutwa na kishada kilichoko juu angani. Upepo haukubadilika, bahari haikubadilika, na miguu ya binadamu haikubadilika. Ni kitu gani basi kilichowahamisha?

Tuanze na ubao wa tanga, kwa kuwa ndio uliotangulia. Mmarekani Newman Darby alikwisha tengeneza chombo cha namna hiyo kufikia mwaka 1965, lakini umbo tulijualo leo lilitokana na Hoyle Schweitzer na Jim Drake wa California, ambao waliomba hataza mwaka 1968. Drake alikuwa mhandisi wa ndege. Kiini cha uvumbuzi huo ni kiungo kidogo kilicho chini ya mlingoti, kiruhusucho mlingoti kulala upande wowote. Chombo hakina usukani. Mwendeshaji akiuinamisha mlingoti mbele, ubao huelekea upepo unakokwenda. Akiuinamisha nyuma, huelekea upepo unakotoka. Nahodha wa ngalawa hufanya kazi hiyo kwa kasia la nyuma na kwa kurekebisha tanga; huyu huifanya kwa mikono miwili na uzito wa mwili wake. Mchezo huu uliingia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984.

Kishada nacho si kigeni kama watu wadhanivyo. Mwaka huohuo wa 1984 ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya kishada chenye mishipa ya kujazwa upepo, ili kisizame kikianguka majini na kiweze kurushwa tena papo hapo. Kwa miaka zaidi ya kumi hakuna aliyewajali sana, maana dunia ya michezo ya bahari ilikuwa imelewa ubao wa tanga. Vishada vyao vilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1997.

Sasa tuingie katika fizikia, kwa sababu jibu limo humo.

Kani ambayo upepo huitia katika tanga hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, kani huzidi mara nne. Mwalimu akilishika jambo hili moja, mengine yote yatafuata. Upepo ulio karibu na uso wa maji hukwaruzana na mawimbi na kupunguzwa mwendo. Ulio juu huenda huru zaidi. Kitovu cha tanga la ubao kiko kiasi cha meta 2 juu ya maji. Kishada hupaa mwishoni mwa kamba zenye urefu wa meta 20 au zaidi. Kama upepo una kasi ya meta 6 kwa sekunde katika kimo cha meta 2, wakati huohuo waweza kuwa na kasi ya meta 7.5 hivi katika kimo cha meta 20. Tofauti hiyo ya meta moja na nusu yaonekana ndogo, lakini ukiipeleka katika kipeo cha pili, kila meta ya mraba ya kitambaa kilichoko juu hupata kani iliyo zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya chini.

Hata hivyo hiyo siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba kishada hutembea.

Tanga la ubao limefungwa kwenye ubao. Haliwezi kwenda mbio kuliko ubao unavyokwenda. Ubao ukisimama, tanga hupata upepo mtupu wa asili. Kishada, kwa upande wake, chaweza kukata anga kutoka kushoto kwenda kulia, kikichora nane iliyolala, huku mwendeshaji angali amesimama majini. Tuseme upepo una meta 7.5 kwa sekunde na kishada kinaukata kwa mkabala wa nyuzi 90 kwa kasi ya meta 15. Upepo ambao kishada chenyewe kinausikia si 7.5 tena. Ni kiegama cha pembetatu mraba ambayo pande zake ni 7.5 na 15, yaani karibu meta 16.8 kwa sekunde. Piga hesabu ya vipeo vya pili, utaona kani imekuwa mara tano. Hesabu hii ni ya ubao wa darasani na imeacha mambo kadha, kama vile ukinzani wa kamba, lakini haidanganyi katika jambo la msingi. Ndiyo maana mtu mzima wa wastani mwenye kishada cha meta 12 za mraba aweza kuteleza katika upepo wa meta 6 kwa sekunde, ambapo mwenziwe mwenye tanga la kawaida huketi ufukweni akingojea ufike meta 8.

Kamba za kishada, tena, huvuta mbele na juu kwa pamoja. Sehemu ya uzito wa mwendeshaji hubebwa na hewa, hivyo ubao wake waweza kuwa mdogo na mwembamba, na pezi lake la chini likawa fupi la sentimeta chache tu. Pezi la ubao wa tanga aghalabu hufika sentimeta 30 na zaidi, kwa sababu lazima lizuie ubao wote usisukumwe kando.

Hapa ndipo Paje inapoeleweka. Mbele ya kijiji kuna wangwa mpana wa mchanga, na mbali zaidi kuna mwamba wa matumbawe uzuiao mawimbi makubwa. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Unguja hukaribia meta 4, na maji yakipwa hurudi nyuma mamia ya meta. Kwa saa nyingi za siku kina cha maji ni cha magotini. Pezi refu lingelikwama mchangani. Ubao wa kishada hupita. Kusi kati ya Juni na Septemba, na kaskazi kati ya Desemba na Machi, zote huvuma pale kwa mshazari kuelekea ufukwe, kwa hiyo mwanafunzi aliyeshindwa hurudishwa nchi kavu, hapelekwi bahari kuu. Kadhalika vyombo vyote vya kishada hukunjwa vikaingia katika mfuko wa mgongoni, wakati mlingoti na ubao wa tanga ni mzigo wa kugombana nao katika kiwanja cha ndege. Yamkini sababu hii ya mwisho, isiyo na fizikia yoyote ndani yake, imewahamisha watu wengi kama zile nyingine zote.

Lakini wangwa wa Paje ulikuwa na wenyewe kabla ya vishada. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na vijiji vya Paje na Jambiani vilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Wakulima, wengi wao wanawake, hupigilia vigingi katika mchanga na kutandaza kamba zilizofungwa vichipukizi vya mwani. Hufanya kazi maji yakiwa machache, mahali palepale na mara nyingi saa zilezile ambazo maji hayo yanamfaa mwanafunzi wa kishada. Kigingi kilichofichwa na maji ya magotini humtoboa mtelezaji; kamba nyembamba ya kishada inayopita kwa kasi yaweza kumkata mkulima aliyeinama. Mwani wenyewe umepata mashaka mengine, maji kuwa ya moto zaidi na bei kuwa ndogo, hivyo si haki kuvibebesha vishada lawama yote. Hata hivyo ni haki kusema kwamba mchezo uliosifiwa kwa kuweza kupita katika maji haba ndio huohuo ulioingia katika shamba la mtu.

Ubao wa tanga una fadhila zake, nazo zisisahauliwe. Mwendeshaji akitishika huliachia tanga, likaanguka majini na kani ikaisha mara moja. Ubao huelea, naye akaketi juu yake kama mvuvi mtumbwini. Mwenye kishada, upepo ukikatika ghafla, hubaki kuwa mwogeleaji mwenye kamba nyingi. Upepo ukizidi ghafla, hunyanyuliwa kama jani. Vishada vya baada ya mwaka 2005 hupunguzwa nguvu kwa kuusukuma mpini mbele, na vina kifungo cha kukata mvuto wote kwa dharura. Vimeokoa wengi, ila havikuiondoa hatari.

Katika mbio za kasi Afrika yetu ilikuwa uwanja wa ushahidi. Huko Lüderitz, Namibia, Oktoba 2008, Mfaransa Sébastien Cattelan alifika noti 50.26, yaani kilometa 93 kwa saa, akiwa mtu wa kwanza kupita noti 50 kwa kishada. Mwaka 2015 Mfaransa mwenziwe, Antoine Albeau, alifika noti 53.27 kwa ubao wa tanga mahali hapohapo. Hivyo aliyesema mlingoti umekufa aliharakisha. Chama cha dunia cha mashua kiliamua Mei 2012 kuutoa ubao wa tanga katika Olimpiki na kuingiza kishada, kikaubatilisha uamuzi wake Novemba mwaka huohuo. Mwaka 2024, katika mashindano ya Paris ambayo mbio zake za bahari zilifanyika Marseille, vyote viwili vilikuwapo, na mbao zote zilikuwa na bawa chini ya maji la kuziinua zisiguse mawimbi.

Turudi bara. Makambako iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Meta ya ujazo ya hewa ya Paje ina uzito wa kilo 1.17 hivi, ya Makambako hukaribia kilo 1. Kishada kilekile, katika upepo wa kasi ileile, kitavuta pungufu kwa kiasi cha sehemu moja katika saba. Lakini Makambako ina upepo wa kufidia: vipimo vilivyochukuliwa katika kimo cha meta 30 vilionyesha wastani wa mwaka unaozidi meta 8 kwa sekunde. Mpango wa kujenga mitambo ya umeme wa upepo hapo umezungumzwa kwa miaka mingi. Majirani wa Mufindi walipata mitambo yao mitatu, yenye jumla ya megawati 2.4, mwaka 2020. Mitambo hiyo iko juu ya milingoti. Mwaka 1980 Mmarekani Miles Loyd alionyesha kwa hesabu kwamba kishada kinachokata upepo chaweza kuzalisha umeme mwingi bila mnara. Kampuni ya Makani ya Marekani ilijaribu njia hiyo ikafungwa mwaka 2020. Kampuni ya SkySails ya Ujerumani iliweka mtambo wake Mauritius mwaka 2021. Katika umeme, basi, mlingoti ungali unashinda, maana mnara haulali upepo ukikatika.

Mwalimu wa Kichiwa aweza kuyapima haya kwa kishada cha nailoni chenye kamba mbili na mizani ya springi. Wanafunzi wasome mizani kishada kikiwa kimetulia, kisha kikichora nane, na kuandika tofauti. Wasome tena katika vimo viwili. Kazi ifanyike mbali na nyaya za umeme, hasa ile njia ya kilovolti 220 itokayo Makambako kwenda Songea, na kamba ziwe kavu.