Somo la Redio: Vitufe vya Mkato

Somo letu la leo ni kutengeneza picha kwa kompyuta.

Mtu amewaletea picha pekee ya marehemu baba yake. Ile ya karatasi imeliwa na mchwa. Imebaki ya kompyuta tu, nayo ina madoa. Ifungueni katika programu ya Photoshop. Kabla ya lolote, bonyezeni Ctrl, Shift na S pamoja, mwipe nakala jina jipya. Hivyo picha ya asili haitaguswa.

Sasa mkono mmoja ushike kipanya, wa pili ukae juu ya vitufe. Herufi J huleta brashi ya kuondolea madoa. Mabano ya mraba, [ hupunguza brashi, na ] huikuza. Mkikosea, Ctrl na Z hurudisha hatua moja. Kila baada ya kitambo bonyezeni Ctrl na S, umeme usije ukakatika mkapoteza kazi.

Faida yake ni nini? Mkono hauachi kazi kwenda kutafuta amri katika orodha. Jizoezeni vitufe vitatu kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa herini.